Siri ya Jeshi Isiwe Siri ya Bei

Kila Bunge linapokaa kupitisha bajeti ya ulinzi, ingefaa likumbushwe habari ya rada. Kampuni ya Uingereza ya BAE Systems iliiuzia Tanzania mtambo huo kwa pauni milioni 28, kama dola milioni 40 za wakati ule. Kibali cha kuuleta kilitolewa London Desemba 2001, baada ya mawaziri kuvutana: Clare Short, aliyeshika wizara ya misaada, aliupinga mpango huo, Waziri Mkuu Tony Blair akaupitisha. Mwezi mmoja tu kabla, Tanzania ilikuwa imefika hatua ya mwisho ya kusamehewa madeni kama nchi maskini. Wataalamu wa usafiri wa anga walioagizwa na Benki ya Dunia waliona kwamba mtambo ule wa kijeshi ni ghali na haukidhi mahitaji ya ndege za kiraia. Tukafutiwa deni huku tunakopa tena kununua rada.

Hapa Babati tunajua mradi wa umma unavyohojiwa. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma, kilomita 251, ilipozinduliwa Bonga Aprili 2018, gharama yake ilitajwa mbele ya watu. Mwenye kalamu aliweza kuigawa kwa kilomita na kuuliza mbona kwingine ni nafuu. Bei ya rada haikupata mtu wa kuigawa. Kumbe takriban dola milioni 12, karibu theluthi yake, zilikwenda kwa wakala, Shailesh Vithlani. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, wala si rushwa, ikatozwa faini ya pauni 500,000. Hata hivyo Jaji Bean hakushawishika kwamba wakala huyo alikuwa mpiga debe tu mwenye ujira mnono. Sasa linganisha. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliingia mkataba na Thales ya Ufaransa wa rada nne, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 67.3, yaani kama dola milioni 30. Ni kweli mitambo hiyo si ya aina moja na ile ya awali, na teknolojia hushuka bei. Lakini nne kwa pungufu ya moja ni pengo linalodai maelezo.

Watakaojibu wataanza na Kagera. Nchi iliyovamiwa na Idi Amin mwaka 1978 haiwezi kufanya mzaha na jeshi lake, na mimi sibishi. Hoja ya usiri nayo ina uzito wake: idadi ya silaha, mahali zilipo na uwezo wake si mambo ya kutangaza. Ila malipo ya wakala yanamsaidia adui gani? Katika mkasa huu muuzaji aliijua bei, mawaziri wa London waliigombania, magazeti yao yakaichapa. Aliyefichwa ni mlipa kodi wa hapa, ambaye hakuwa na nia ya kumvamia mtu.

Wengine watasema yamekwisha, fedha zilirudi. Zilirudi pauni milioni 29.5, mwaka 2012, zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002, fedha ziliporudi alikuwa kidato cha nne kama hakurudia darasa. Tena fedha hizo hazikurudishwa na Bunge letu wala mahakama yetu; zilitokana na makubaliano ya BAE na wapelelezi wa Uingereza. Muuzaji anayetoka nchi isiyofuatilia makampuni yake hatatuletea hundi.

Ndiyo maana ukaguzi ufanyike kabla ya sahihi. Kamati ya Bunge ya ulinzi, pamoja na Mkaguzi Mkuu, wapewe mkataba wowote mkubwa wa zana, wakae faraghani wakitaka, waone bei, zabuni za washindani na jina la kila anayelipwa kamisheni. Muuzaji atakayekataa kumtaja wakala wake asipewe kazi. Na jumla ya fedha iliyolipwa itangazwe mtambo ukishafika, kwa shilingi, kama tulivyotangaziwa ya barabara.