Wafugaji wa kuku wa mayai, tusafishe mabanda kwa pamoja

Ndugu wafugaji wa Kibaha, Kigamboni, Kiambu, Thika na popote pale ambapo banda la jirani linaonekana ukiwa mlangoni kwako: kundi likichoka kutaga tunaliuza, tunazoa samadi, tunamwaga maranda mapya, tunaleta mitetea mingine. Wiki haijaisha, biashara imerudi. Salmonela hutushinda katika haraka hiyo.

Bakteria huyu, hasa aina iitwayo Enteritidis, anaweza kukaa zaidi ya mwaka katika banda tupu: kwenye vumbi la kenchi, nyufa za sakafu, chini ya viota, ndani ya kinyesi kilichokauka. Mitetea inaingia mizima na kumkuta mwenyeji. Tena kuku mkubwa akiambukizwa mara nyingi haugui. Anakula, anataga, kilemba chake chekundu. Lakini bakteria akifika kwenye ovari huingia ndani ya yai kabla ganda halijajengeka. Yai la namna hiyo hata ulioshe mara saba, halisafiki. Anayelila likiwa bichi au nusu bichi anaweza kuharisha na kushikwa na homa, na kwa mtoto mchanga, mzee au mjamzito hilo si jambo la kupuuza.

Msambazaji mkuu ni panya. Punje moja ya kinyesi cha panya aliyeambukizwa inaweza kubeba bakteria laki moja na zaidi, na punje hizo huangukia kwenye chakula cha kuku usiku kucha. Ukitega wewe peke yako, wa jirani wanajaza nafasi. Ukiuza kundi na chakula kikatoweka, wako wanahamia kwa jirani, kisha mitetea ikija wanarejea. Panya hawajui hati ya kiwanja.

Kwa hiyo naomba kila mtaa wenye wafugaji tukubaliane wiki moja ya kutega na kuweka sumu, wote kwa pamoja, tuanze kuku wakiwa bado ndani, kabla panya hawajatawanyika. Sumu ikae kwenye visanduku ambavyo kuku na watoto hawavifikii. Banda likibaki tupu, tuanze juu: tufagie kenchi na nyavu, tutoe samadi yote, tusugue kwa sabuni, tuache likauke kabisa, ndipo tupulize dawa ya kuua vijidudu. Dawa inayomwagwa juu ya kinyesi ni fedha iliyotupwa, kwa kuwa uchafu huidhoofisha kabla haijafika kwa mdudu. Na sakafu iliyooshwa ikaachwa na madimbwi ni afadhali isingeguswa, maana majimaji yenye uchafu humpa nafasi ya kuzaliana. Mashine ya kupulizia maji kwa nguvu ni ghali kwa mmoja. Kumi tukichanga, inazunguka.

Kuna watakaosema haya ni ya wazungu. Uingereza, Desemba 1988, naibu waziri wa afya Edwina Currie alisema sehemu kubwa ya mayai ya nchi ile ina salmonela. Alitia chumvi, mauzo yakaporomoka, naye akajiuzulu mwezi huohuo. Serikali haikumaliza tatizo peke yake. Mwaka 1998 wazalishaji wenyewe walijifunga kuchanja kuku wote wa mayai walio chini ya chapa yao ya simba, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ikatamka kwamba hata wajawazito wanaweza kula mayai ya chapa hiyo yakiwa hayajaiva sana.

Chanjo tunazo na sisi. Ile ya taifodi ya kuku iliyotengenezwa kwa aina ya 9R hupunguza pia Enteritidis, kwa kuwa bakteria hao ni ndugu. Tuagize pamoja kupitia bwana mifugo, tugawane chupa. Antibayotiki tuziache: hazilisafishi banda, mabaki yake huingia kwenye yai, na bakteria anayesalia huwa sugu.

Tena tukatae trei za karatasi zinazozunguka na wanunuzi kutoka banda hadi banda. Mnunuzi aje na za plastiki zilizooshwa, asubiri getini. Mmoja wetu akimkatalia, atakwenda kwa jirani. Tukimkatalia wote, atanunua ndoo na sabuni.

Mwenye kundi litakalouzwa mwezi ujao amwambie jirani yake leo, wapange wiki ya mitego.