Sheria na mwanangu wamezaliwa mwaka mmoja
Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria

Cimpunda, Kadutu, Bukavu
Julai 2024

Mheshimiwa Waziri,

Moyo wangu ungali unawaka. Mimi ni mama, nauza samaki wa sambaza kwenye soko la Kadutu. Mwanangu alizaliwa mwaka 2009, mwaka ule ule nchi yetu ilipotoa sheria namba 09/001 ya kulinda mtoto. Wote wawili wana miaka 15, na bado hawajakutana.

Alikamatwa akitoka shuleni, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati lake jeupe, akatuhumiwa wizi wa simu. Alilala usiku 6 katika kashoti ya polisi, pamoja na watu wazima. Hakuna aliyeniita, jirani ndiye aliyeniletea habari. Kila asubuhi nilipeleka bugali, na kila asubuhi niliombwa dola 50 ili wamfungue. Siku ya saba simu ilionekana nyumbani kwa mwenyewe, chini ya godoro, na mwanangu akafunguliwa. Mtihani wa serikali wa darasa la nane ulikuwa umekwisha.

Mheshimiwa, mtihani ule haungojei mtu. Ukiupoteza, umepoteza mwaka. Nitalipa tena pesa ya shule kwa masomo ambayo mtoto ameshayasoma. Chawa wa kashoti tuliwatoa. Usingizi unarudi polepole. Mwaka haurudi.

Sheria yenyewe iko wazi. Mtoto wa chini ya miaka 14 hashitakiwi kwa kosa la jinai. Aliyefika 14 anapelekwa bila kuchelewa mbele ya hakimu wa Mahakama ya Watoto, na wazazi wake wanajulishwa. Makosa madogo yanaweza kumalizwa kwa upatanishi. Mwanangu hakumwona hakimu hata siku moja.

Naomba mambo matatu. Mzazi ajulishwe siku ile ile mtoto anapokamatwa. Mtoto asilale na watu wazima hata usiku mmoja. Na anayeomba pesa ili kumfungua mtoto ashitakiwe yeye. Siombi haya kwa ajili ya mwanangu peke yake: katika mji huu mtoto wa maskini anafungwa kwanza, ndipo anaulizwa umri wake.

Masomo yakianza tena, mwanangu ataketi katika darasa lile lile la nane, pamoja na watoto aliokuwa amewatangulia. Kosa lake halijaonekana hadi leo.

Mama mzazi, Cimpunda