Chuo cha Mkoani Si Chuo cha Daraja la Pili

Miongoni mwetu sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda kuna imani moja inayosemwa kwa mzaha lakini inashikwa kwa dhati: kwamba elimu ya kweli iko mji mkuu, na kwamba chuo cha mkoani ni mahali pa kusubiria. Mwanafunzi akikosa nafasi Kampala huenda mkoani shingo upande. Mhadhiri akipelekwa huko huhesabu miaka mpaka atakapohama. Insha hii inaipinga imani hiyo, na shahidi wake anatoka mbali: Chuo Kikuu cha Kazan, nchini Urusi.

Kazan ni mji wa Watatari kando ya mto Volga, zaidi ya kilomita 700 mashariki ya Moscow. Chuo chake kilianzishwa mwaka 1804 kwa amri ya Tsar Alexander I. Miaka 15 baadaye, mwaka 1819, mkaguzi aliyeitwa Magnitsky alitumwa kukitazama, akarudi na pendekezo kwamba kifungwe, na hata jengo lake libomolewe. Tsar alikataa kukifunga, lakini akamkabidhi Magnitsky huyo huyo usimamizi wake, na maprofesa kadhaa wakapoteza kazi. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Kazan ilibahatika kuliko sisi. Ilipita mahali ambapo vyuo vingi vingekufa.

Leo ukiuliza sifa ya chuo hicho, utatajiwa kwanza majina mawili: Tolstoy na Lenin. Hapo ndipo ubishi wangu unapoanza. Tolstoy aliingia mwaka 1844 kusoma lugha za Mashariki, akashindwa, akahamia sheria, na mwaka 1847 akaondoka bila shahada. Lenin aliingia mwaka 1887 na kufukuzwa Desemba mwaka huo huo kwa kushiriki maandamano ya wanafunzi. Chuo kilichomfukuza kilikuja kubeba jina lake kwa miongo mingi. Hawa ni wapita njia. Ukikisifu chuo kwa sababu yao, ni kama kukisifu kisima kwa sababu msafiri maarufu aliwahi kunywa maji yake, huku waliokichimba hutaki hata kuwajua.

Mchimbaji mmoja alikuwa Nikolai Lobachevsky. Alisoma Kazan, akafundisha Kazan, na akawa mkuu wa chuo kwa karibu miaka 20, kuanzia 1827 hadi 1846. Mwaka 1826 alitoa mbele ya wenzake wazo lililopingana na mafundisho ya jiometri ya zaidi ya miaka 2,000: kwamba inawezekana kujenga jiometri kamili ambamo kupitia nukta moja iliyo nje ya mstari hupita zaidi ya mstari mmoja usiokutana nao. Kazi hiyo aliichapisha kuanzia mwaka 1829, na si katika jarida la mji mkuu, bali katika jarida la Kazan. Wataalamu wa St. Petersburg waliidharau. Aliyetambua thamani yake alikuwa Gauss, kule Ujerumani. Laiti Kazan isingekuwa na jarida lake, wazo hilo lingesubiri ruhusa ya watu ambao hawakulielewa. Wala Lobachevsky hakuishia kwenye hesabu. Aliisimamia maktaba, alisimamia ujenzi, na kipindupindu kilipoingia mwaka 1830 aliwakusanya watu wa chuo ndani ya uzio na kuwalinda. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sisi wa isimu tuna deni letu wenyewe kwa mji huo. Kila mwanafunzi wa fonolojia huambiwa kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili za Kiswahili kwa kuwa pata na bata ni maneno mawili yenye maana tofauti. Tunayakariri haya kana kwamba yalishuka kutoka mbinguni, au angalau kutoka Paris. Neno lenyewe ndiyo lilitoka Ufaransa. Lakini waliolipa maana ya kinadharia, wakaitenganisha fonimu na sauti inayosikika tu, ni Baudouin de Courtenay na mwanafunzi wake Kruszewski, wakifanya kazi Kazan mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wanaisimu wa Prague walipoikuza fonolojia katika karne ya 20, sehemu ya msingi ilikwisha kuwekwa katika chuo cha mkoani.

Baudouin aliondoka mwaka 1883. Mwanafunzi wake mwingine, Bogoroditsky, alibaki. Alianzisha hapo maabara ya fonetiki ya majaribio, akafundisha kwa miongo kadhaa, na mwaka 1934 akachapisha kitabu cha utangulizi wa isimu ya Kitatari. Tazama alikofika: chombo alichokipata kwa kuchunguza Kirusi alikigeuzia lugha ya watu waliokuwa wakimzunguka. Hiyo ndiyo kazi ambayo chuo cha mkoani hukifanya vizuri kuliko chuo cha mji mkuu, kwa sababu lugha iko mlangoni pake.

Msomaji makini atanipinga. Atasema: hao wote mbona waliishia kuhama? Ni kweli. Klaus, aliyegundua elementi ya rutheni mwaka 1844, alihama. Butlerov, aliyetoa nadharia ya muundo wa kikemia mwaka 1861, aliitwa St. Petersburg. Zavoisky, ambaye mwaka 1944, vita vikiendelea, aligundua jinsi elektroni zinavyofyonza nishati ya mawimbi zikiwa ndani ya uga wa sumaku, alikwenda Moscow miaka mitatu baadaye. Hata kitivo kizima kilichukuliwa. Kazan ilikuwa na nafasi ya uprofesa wa Kimongolia tangu 1833 na ya Kichina tangu 1837. Lakini katika miaka ya 1854 na 1855 masomo ya Mashariki yalihamishiwa St. Petersburg kwa amri, pamoja na walimu na vitabu vyao. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Kama mji mkuu ulikuwa unachuma Kazan mwaka hadi mwaka, basi mti ulikuwa Kazan. Anayechuma asijiite mkulima.

Mwingine atasema kwamba chuo hicho kilikuwa chombo cha dola, na kwamba lugha za Mashariki zilifundishwa ili dola ipate maafisa na wakalimani wa kutawalia wengine. Hilo nalo ni kweli, na sioni haja ya kulificha. Sisi pia tunajua lugha inavyoweza kufundishwa kwa ajili ya kambi ya jeshi kuliko kwa ajili ya watu. Simwombi mtu aiige Kazan katika utii wake. Naomba tuige mambo matatu: kuwa na jarida letu, kuwa na watu wanaobaki, na kuchunguza kilicho karibu nasi.

Kwetu mambo haya hayahitaji muujiza. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, lakini wengi wetu bado tunaandika tasnifu kuhusu riwaya zile zile za pwani, kwa nadharia zile zile, kana kwamba Kiswahili hakijafika tunapolala. Mwanafunzi aliye Gulu anasikia kila siku jinsi msemaji wa Kiacholi anavyozitamka sauti za Kiswahili. Aliye Mbarara anasikia Kinyankole kikiingia ndani ya sentensi. Hizo ni data ambazo mhadhiri wa mji mkuu hulazimika kusafiri ili azipate.

Basi wahadhiri wetu, tukileta mada ya sokoni kwetu, msitwambie ni ndogo, tufundisheni kuipima. Na wanafunzi wenzangu, tuache kuuliza chuo chetu kiko umbali gani kutoka Kampala. Swali linaloumiza, na ndilo la haki, ni hili: tukishahitimu, tutakuwa tumekiachia chuo hicho kitu gani ambacho hakikuwa nacho siku tulipofika?