Mheshimiwa Waziri, Daftari la Mbolea Litumike Pia Mafuriko Yakija

Kwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Mifugo,
Kilimo House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kutoka Magunga, Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Ukishuka kusini kutoka kwetu unaingia Nyatike, upande wa Migori, ambako mto Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Majirani zetu wa huko wamezoea ajabu moja: jua linawaka, wingu halipo, na maji yanaingia shambani. Mvua imenyesha Kisii, mto umeyaleta maji, kingo zimebomoka, na mahindi yaliyokuwa yanachanua yamelala matopeni. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi likavuka rekodi ya 1964, likameza mashamba ya ufukweni.

Ndipo lori huja. Unga, maharagwe, blanketi, picha. Siudharau unga, kwani aliyekimbia maji akalala darasani na watoto anataka kula leo. Lakini unga huisha kabla ya tope kukauka, na mbegu na jembe la ng'ombe la kukodi havinunuliwi kwa unga. Mkulima hurudi shambani kwa mkopo, au harudi.

Nyati wa mbuga ya Ruma akitoka akala mahindi yangu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inanipa haki ya kudai fidia. Malipo huchelewa, kila mtu anajua, lakini dai lina fomu na lina kamati. Mto ukiyala mahindi yayo hayo, nabaki na huruma ya kiongozi atakayepita.

Wala serikali si mgeni wa kulipa. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kaya maskini hupokea pesa mkononi kupitia HSNP, mpango wa kukinga kaya dhidi ya njaa, na ukame ukizidi, kaya nyingine huongezwa. Kuanzia 2015 serikali iliwalipia wafugaji bima inayotegemea setilaiti: malisho yakikauka kupita kiwango, pesa hutoka, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Lakini kaunti kame zinazoangaliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame ni 23, na Homa Bay na Migori hazimo. Sisi tuna maji. Naam, tunayo, hadi uvunguni mwa kitanda.

Sasa tazama daftari lako mwenyewe. Tangu mbolea ya ruzuku ianze kugawiwa kwa ujumbe wa simu, machifu na manaibu wao wametuandikisha: kitambulisho, nambari ya simu, ekari, mazao. Serikali inajua nalima nini na wapi inaponiuzia mfuko wa mbolea. Mafuriko yakija, tunaandikishwa upya kwenye karatasi chini ya mti, na orodha hiyo ina tabia ya kunenepa kila inapopita mezani kwa mtu.

Sidai nilipwe kila gunia lililozama. Hazina haiwezi, na uongo ungekuwa mwingi. Naomba kanuni iliyoandikwa: maji ya Kuja yakifika kipimo kilichotangazwa mapema, au maji ya ziwa yakivuka alama fulani, kila aliye kwenye daftari katika kata iliyozama apokee kwa simu pesa za mbegu, mbolea na kulima, kwa ekari mbili za kwanza tu. Wenye mifugo wawekewe kiwango chao. Alipwe anayelima, hata kama hati ya shamba ina jina la baba mkwe aliyekufa zamani. Wanaolima huku wengi ni kina mama. Na majina yasomwe kwenye baraza la chifu, mbele ya watu wanaojuana.

Mvua ndefu huanza Machi. Kipimo hicho kitangazwe kabla ya hapo.

Wako,
Mkulima wa Magunga