Tusinyamazishe breki kwa mafuta

SIKU ya soko, mtu aliyeketi kando ya barabara inayoshuka kutoka Bugoye kuja Mubuku hana haja ya saa. Tangu alfajiri atazisikia baiskeli kabla hajaziona. Breki zinalia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Nyuma, kwenye keria, kumefungwa mikungu ya ndizi, magunia ya maharage au kahawa, na mwenye baiskeli ameng'ang'ania usukani huku miguu ikiwa tayari kugusa ardhi.

Kelele hizo tumezizoea mno, na wengi tunazicheka. Mimi nilikuwa mmoja wa wachekaji hao hadi msimu wa mvua uliopita, pale mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alipofika darasani siku nne baadaye, mkono umefungwa bendeji gumu.

Kijana huyo alikuwa akimpelekea mama yake mikungu miwili sokoni. Baiskeli yake ilikuwa maarufu kwa kulia, na wenzake walikuwa wamempa jina la utani kwa sababu hiyo. Akachoka kuchekwa. Akaomba oili chakavu kwa fundi wa pikipiki, akaipaka kwenye rimu zote mbili. Kesho yake baiskeli ilishuka kimya kabisa. Alipofika karibu na barabara kuu ya Kasese kwenda Fort Portal, ambako malori ya saruji ya Hima hayaachi kupita, alikamata breki mpaka vidole vikauma, na baiskeli haikusimama. Akaamua kujitupa mtaroni. Alivunjika mkono, mikungu ikapondeka, lakini alipona.

Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, ilikuwa imenyamaza vizuri."

Ndugu msomaji, jibu hilo limenikaa kichwani. Nimeuliza huku na huko, na nimegundua kwamba kijana yule hakubuni jambo jipya. Wapo watu wazima, wenye familia, wanaopaka oili, mawese au mafuta ya kupikia kwenye rimu ili breki zisilie. Wapo wanaozifungua kabisa na kutegemea soli za viatu. Hapo ndipo ninaposema tumekosea. Tunatibu masikio yetu badala ya kutibu breki.

Mimi si fundi. Ni mwalimu wa sayansi niliyesoma ugenini. Baba yangu alivuka kwenda ng'ambo ya mto Lhubiriha wakati wa machafuko ya Rwenzururu, yaliyoanza mwaka 1962 na kumalizika kwa makubaliano ya mwaka 1982. Nilizaliwa Beni na kusoma huko, kwa Kiswahili na Kifaransa, na sikurudi nchini hadi nilipokuwa kijana. Huko baiskeli tuliiita kinga, hapa nikakuta inaitwa gaali. Lakini mlima ni ule ule, mizigo ni ile ile, na kelele ni zile zile.

Nikiwa mtoto, jirani yetu alikuwa na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mizigo Kivu ya Kaskazini. Nyuma alikuwa amefunga kipande cha tairi kuukuu, akikikanyaga kinabana gurudumu. Kila jioni alikuwa akikitazama kipande kile na kukipangusa mchanga kabla hajala. Tulimwona mzee mwenye mashaka mengi. Leo naona alikuwa na akili kutuzidi.

Kwa nini breki hulia? Raba inapoibana rimu, haitelezi kwa utulivu. Hushika, ikaachia, ikashika tena, mara nyingi sana katika sekunde moja. Mtikisiko huo huingia kwenye rimu, na rimu ya chuma hulia kama kengele iliyogongwa. Kwa hiyo kelele ni habari. Inakuambia kwamba kuna kitu katika ule mshikano hakiko sawa: uchafu, mafuta, mchanga, raba iliyokauka, bolti iliyolegea, au raba iliyokaa upande.

Hapa kwetu mchanga ni sababu kubwa. Mito yetu hushuka kutoka Rwenzori kwa nguvu, na mwezi Mei 2020, Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha yote ilivunja kingo zake. Hata bila mafuriko, mvua moja kubwa hutosha kumwaga mchanga na tope barabarani. Chembe hizo hunasa ndani ya raba, zikakwangua rimu na kupiga kelele.

Dawa yake haihitaji chuo. Kwanza, osha rimu kwa maji na sabuni, kisha ifute kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kitoke safi. Ikiwa uliwahi kupaka mafuta, rudia mara mbili au tatu. Raba iliyonyonya mafuta usiihangaikie, itupe.

Pili, fungua raba uzitazame. Toa mchanga kwa ncha ya kisu. Kama uso wa raba umekuwa mgumu na unang'aa, usugue kwa msasa mpaka uonekane mpya. Kama imekwisha kiasi kwamba chuma kinakaribia kugusa rimu, nunua nyingine.

Tatu, kaza. Shika breki kwa mkono na kuitikisa. Ikicheza, tafuta bolti iliyolegea. Katika baiskeli zetu nyeusi za breki za vyuma, zile ambazo raba huvutwa juu kubana rimu kwa ndani, hakikisha raba mbili zinagusa kwa wakati mmoja. Kile kikombe kinachoshika raba kina upande mmoja uliozibwa. Upande huo uelekee kule rimu inakokwenda inapozunguka. Ukiugeuza, siku utakayobana kwa nguvu raba itachomoka na kubaki barabarani.

Nne, kwa wenye breki za waya, itege raba iegemee kidogo, ili ncha yake ya mbele, upande ule rimu inakoelekea, iguse kwanza, kama milimita moja kabla ya ile ya nyuma. Jambo hilo dogo ndilo linaloondoa kelele mara nyingi kuliko lolote.

Nimewasikia wanaopinga. Rafiki yangu mmoja, mchuuzi wa siku nyingi, aliniambia: "Mwalimu, hiyo kelele ni honi ya bure. Mbuzi wanakimbia, watoto wanapisha." Sikatai kwamba inasaidia. Lakini honi hiyo hulia pale tu unapokuwa umeshaanza kubana breki, na huenda umechelewa. Kengele ya baiskeli ipo kwa kazi hiyo, nayo hulia mapema utakavyo. Tena nakubaliana naye katika jambo moja: afadhali breki inayolia na kushika kuliko iliyonyamaza isishike.

Wengine husema hawana fedha. Hilo nalielewa, maana mshahara wa mwalimu nao unajulikana. Lakini sabuni, kitambaa na kipande cha msasa havimfilisi mtu. Na hata raba mpya, bei yake haiwezi kulinganishwa na mzigo mmoja uliomwagika mtaroni, seuze mkono uliovunjika.

Kwa ndugu zangu wanaofanya biashara Bwera na Mpondwe, nina neno la pekee. Ninyi hubeba mizigo mizito kuliko wengine. Kila siku vitenge, mawese, sabuni na maharage huvuka mpaka mgongoni mwa baiskeli. Kumbukeni hesabu hii ndogo: uzito ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara mbili, mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi hiyo huwa mara nne. Ndiyo maana mteremko uliouzoea bila mzigo unaweza kukuua ukiwa na magunia mawili.

Rimu zetu nyingi ni za chuma chenye kromu, na chuma hicho kikilowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko. Mvua ikinyesha, anza kugusa breki kidogo kidogo mapema ili raba ifute maji, ndipo ubane. Usingoje ufike kwenye kona.

Halafu kuna suala la mpaka wenyewe. Upande wa Uganda tunapita kushoto, upande wa Kongo wanapita kulia. Mtu anayevuka na baiskeli hubadilisha upande pale pale penye msongamano wa watu, malori na mikokoteni. Hapo ndipo breki inapohitajika ghafula. Na ukiazima baiskeli ya mwenzako, jaribu kwanza mkono upi unashika gurudumu la mbele, kwani zote hazifungwi namna moja. Mtu anaweza kupinduka kwa kubana mkono asioukusudia.

Tuliorudi kutoka ugenini tuna udhaifu wetu pia. Wengi tulianza maisha upya kwa baiskeli ya kununuliwa mkono wa pili au wa tatu, na tukajifunza kuvumilia kila kitu kibovu kwa kuwa tuliwahi kuvumilia makubwa zaidi. Uvumilivu ni sifa njema, lakini breki mbovu haivumiliwi. Ni hatari kwako, kwa mtoto anayevuka barabara, na kwa mama anayepanga nyanya zake kando ya njia.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu. Wenye maduka ya vipuri Mubuku na Bwera wauze raba nzuri, si zile ngumu kama ubao zinazolia tangu siku ya kwanza. Viongozi wa masoko watenge mahali penye maji, spana na msasa, na fundi mmoja siku ya soko, hata kwa mchango mdogo wa kila mwenye baiskeli. Nasi walimu tuwafundishe watoto breki katika somo la sayansi, baiskeli yenyewe ikiwa imesimama mbele ya darasa.

Hilo la tatu nimeshalianza. Kila Ijumaa, baada ya masomo, wanafunzi wenye baiskeli huja nazo uwanjani. Tunaosha, tunasugua, tunakaza. Aliyevunjika mkono ndiye msimamizi. Akisikia baiskeli inalia, haichekwi tena. Anamwita mwenye nayo na kumuuliza swali moja: "Umeitazama?"

Nawe msomaji, kesho asubuhi kabla hujafunga mzigo, jiulize vivyo hivyo.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa shule moja iliyoko Mubuku, wilayani Kasese.