Usimwite mvivu anayengoja chuo

KILA Januari nyumba nyingi za Umoja, Kayole na Dandora huwa na kijana asiye na pa kwenda. Amefanya mtihani wa KCSE Novemba, na chuo hakitamwita hadi Agosti au Septemba. Karo ikikosekana, miezi hiyo hugeuka mwaka au zaidi. Baba akirudi kazini humkuta kwenye kochi, na neno la kwanza kumtoka ni "mvivu."

Kwa maoni yangu neno hilo si haki, na laweza kumdhuru.

Kungoja si jambo geni nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, hakikufunguliwa hadi 1983, na waliokuwa wakisubiri kuingia wakazidi kurundikana. Kuanzia 1984 hadi 1990 serikali iliwapitisha kwanza katika kambi za NYS. Wengi waliyachukia mafunzo yale (sijasikia hata mmoja akisifu chakula), lakini walilala kwa saa, wakaamka kwa saa, na viungo vikafanya kazi.

Hicho ndicho anachokosa kijana wetu. Kwa miaka minne kengele ya shule ilimwamsha. Sasa hakuna kengele. Hukesha na simu hadi saa tisa usiku, akaamka saa sita mchana, jua halioni, chakula hali kwa wakati. Usingizi ukipinduka hivyo, moyo nao huzama. Jioni huenda maskani, ambako miraa na bangi hazikosekani, ilhali ubongo wa mtu wa miaka 18 bado haujakomaa.

Msichana yake ni mengine. Yeye haitwi mvivu, hugeuzwa yaya. Huamka kabla ya wote, hufua, hupika, hubeba mitungi ya maji ngazini, hulea watoto wa dada yake, na jioni huulizwa mbona amenuna. Hiyo nayo twaiita kupumzika!

Mzazi, mwache alale wiki mbili au tatu, kwani mwili unadai. Kisha keti naye mpange saa ya kuamka na jambo moja la kumtoa nyumbani kila siku: masomo ya kompyuta, kumsaidia fundi Kariobangi, kitabu katika maktaba ya Buruburu, mazoezi ya kandanda Camp Toyoyo. Msichana naye apewe saa zake, na asiulizwe anakokwenda kana kwamba ameiba.

Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, akawa hali, hataki marafiki wala yale aliyoyapenda, huo si uvivu, ni ugonjwa unaotibika. Mpeleke akaonwe na daktari. Na akisema afadhali angekufa, usimkemee na usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.