Msamaria Hakuhesabu Mabati

Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wewe muuza leso wa Biashara Street unaulizwa paa lako ni la nini na choo chako ni cha aina gani, kisha mtambo unakupangia cha kulipa. Je, mtambo unaijua siku uliyofunga duka bila kuuza hata doti moja?

Sisemi usijisajili. Nasema Msamaria wa Luka 10 alitoa dinari mbili zake mwenyewe, wala hakumhoji majeruhi ana mali gani. Kaisari achukue kodi, asiingie chumbani mwangu. Nawe, jirani akilazwa, usisubiri mtambo. Changa leo. Amina!